Tetemeko la Ardhi Hubadili Uvutano wa Dunia

Alfajiri ya tarehe 26 Desemba 2004, saa kumi kasoro dakika moja kwa saa za Afrika Mashariki, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Katika muda wa dakika zipatazo 10, miamba ilipasuka na kuteleza katika ufa wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,300, kutoka Sumatra hadi visiwa vya Andaman. Mawimbi ya tsunami yaliyofuata yaliua watu wapatao 230,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi.

Baada ya saa 7 hivi mawimbi hayo yalikuwa yamekwisha kuvuka bahari na kuifikia Somalia, ambako watu karibu 300 walipoteza maisha na mji wa Hafun ukaharibiwa vibaya. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10. Kenya, ambako watu waliondolewa ufukoni Mombasa mara habari zilipopatikana, ilipoteza mtu mmoja. Hivyo basi, msiba uliozaliwa upande wa pili wa bahari ulikuwa pia msiba wa majirani wa upande huu.

Mengi yamesemwa juu ya mawimbi yale. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba tetemeko lile lilibadili hata nguvu ya uvutano, ile nguvu inayokifanya kila kitu kianguke chini na kila mtu awe na uzito wake. Badiliko hilo lilikuwa dogo mno, wala hakuna mwanadamu aliyelihisi. Lakini lilipimwa kutoka angani, likalinganishwa na hesabu zilizofanywa na wataalamu, na ulinganisho huo umefungua njia ambayo huenda siku moja ikaokoa maisha ya watu wa pwani. Kwa sababu hiyo inafaa jambo hili lieleweke.

Watu wengi wamezoea kufikiri kwamba nguvu ya uvutano ni ile ile kila mahali duniani. Ukweli sivyo ulivyo. Kila kitu chenye maada huvuta vitu vingine, na kadiri maada ilivyo nyingi au ilivyo karibu, ndivyo mvuto wake unavyozidi. Penye miamba mizito mvuto huongezeka kidogo, na penye miamba myepesi hupungua. Mvuto huo ukipimwa kila mahali na kuchorwa katika ramani, hupatikana kile ambacho wataalamu hukiita uga wa uvutano wa Dunia, yaani picha ya jinsi maada ilivyogawanyika juu ya Dunia na ndani yake. Maada ikihama, uga nao hubadilika. Tetemeko kubwa la ardhi si kitu kingine ila uhamaji wa ghafula wa maada nyingi kupita kiasi.

Ili kuelewa uhamaji huo, hapana budi kutazama kilichotokea chini ya Sumatra. Gamba la nje la Dunia limegawanyika katika mabamba makubwa ya miamba yanayosogea polepole, sentimita chache kila mwaka. Huko Sumatra bamba lililo chini ya Bahari ya Hindi huzama chini ya bamba jirani. Mabamba hayo hayatelezi kwa urahisi, bali hushikana. Kwa miaka mingi bamba la juu huburutwa na lile la chini na kujikunja, mfano wa upinde unaovutwa. Siku nguvu ya kushikana inaposhindwa, upinde hufyatuka.

Katika kufyatuka huko hutokea mambo matatu yanayobadili uvutano. Kwanza, ukingo wa bamba la juu huruka na kuinua sakafu ya bahari, ilhali sehemu iliyo nyuma yake hushuka. Mahali palipokuwa na maji sasa pana mwamba, ambao ni mzito zaidi, na kwa hiyo mvuto huongezeka. Palipozama, hali huwa kinyume chake. Pili, miamba iliyo ndani kabisa hubanwa upande mmoja na kutanuliwa upande mwingine. Mfano wake ni gunia la mahindi. Likishindiliwa, mahindi mengi huingia katika nafasi ndogo, na likilegezwa, mahindi yale yale hujaza nafasi kubwa zaidi. Mwamba uliotanuka una maada kidogo zaidi katika kila mita ya ujazo, nao mvuto wake hupungua. Tatu, maji ya bahari yaliyosukumwa na sakafu iliyoinuka husambaa kwenda mahali pengine, na mvuto wake huondoka pamoja nayo.

Mabadiliko hayo hupimwa kwa kipimo kiitwacho gali, kwa heshima ya Galileo, mtaalamu wa Italia aliyechunguza jinsi vitu vinavyoanguka. Mvuto wa kawaida wa Dunia ni karibu gali 980. Sehemu moja ya milioni ya gali huitwa mikrogali. Tetemeko la Sumatra, lilipotazamwa kutoka angani, lilibadili mvuto kwa kiasi cha mikrogali zipatazo 15, ukiongezeka upande wa bahari kuu na kupungua upande wa Bahari ya Andaman. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 70, badiliko hilo ni sawa na miligramu moja tu, kiasi ambacho hakifikii hata sehemu ya kumi ya punje moja ya mchele.

Huenda msikilizaji akauliza ni mizani gani iwezayo kupima kitu kidogo namna hiyo. Mizani yenyewe ilikuwa vyombo viwili vya angani vilivyopewa jina la GRACE, ambavyo Marekani na Ujerumani zilivirusha pamoja mwezi Machi 2002. Viliizunguka Dunia vikifuatana katika njia moja, umbali wa kilomita zipatazo 220 kati ya kimoja na kingine, juu kiasi cha kilomita 500. Chombo cha mbele kilipokaribia mahali penye mvuto mkubwa kilivutwa kikaenda kasi kidogo, na umbali kati yake na mwenzake ukaongezeka. Kisha cha nyuma nacho kikafika mahali hapo kikavutwa. Mabadiliko ya umbali huo yalipimwa kwa mawimbi ya redio kwa usahihi wa sehemu ya elfu moja ya milimita, kiasi kilicho chini ya unene wa unywele. Vipimo vya mwezi mzima vilikusanywa na kufanywa ramani moja ya uvutano wa Dunia nzima. Vyombo hivyo vilifanya kazi hadi mwaka 2017, na mwezi Mei 2018 vingine viwili vya namna hiyo vilirushwa kushika nafasi yake.

Lakini ramani peke yake haitoshi. Ramani huonyesha kwamba uvutano umebadilika, bila kusema kwa nini. Hapa ndipo inapoanza kazi ya kutengeneza kielelezo cha hesabu, yaani kuliiga tetemeko kwa hesabu ili kujua lingepaswa kubadili uvutano kwa kiasi gani.

Kazi hiyo hufanywa kwa hatua. Kwanza, ufa hugawanywa katika vipande vingi vidogo vya mstatili. Kila kipande hupewa kina chake, mwinamo wake, na kiasi miamba ilivyoteleza juu yake, katika upande gani. Pili, Dunia yenyewe huwekwa katika hesabu si kama jiwe moja, bali kama tufe lenye matabaka: gamba la juu, tabaka zito lililo chini yake, na kiini cha chuma katikati. Kila tabaka lina uzito wake na ugumu wake. Tatu, hukokotolewa jinsi mtelezo wa kila kipande unavyoinua, kushusha, kubana na kutanua miamba ya matabaka hayo, na kila badiliko hilo linaongeza au kupunguza mvuto kiasi gani. Mwishowe matokeo ya vipande vyote hujumlishwa, na maji ya bahari huingizwa katika hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliofanya kazi nchini Japani, miongoni mwao Shuhei Okubo na Wenke Sun, walitoa kanuni zilizowezesha hesabu za namna hiyo kufanywa kwa Dunia iliyo tufe.

Bado kuna hatua nyingine ambayo ni rahisi kuisahau. Vyombo vya angani viko mbali, navyo haviwezi kuona mambo madogo. Huona kama mtu atazamaye kijiji kutoka juu ya mlima, ambaye hutambua mashamba lakini hatambui miche. Vyombo vya GRACE viliona vizuri mambo yenye upana wa kilomita mia kadhaa. Kwa hiyo hata matokeo ya hesabu hayana budi kufifishwa kwa kiasi hicho hicho kabla ya kulinganishwa na vipimo, la sivyo mlinganisho hautakuwa wa haki.

Mwaka 2006 kundi la wataalamu lililoongozwa na Shin-Chan Han lilitangaza matokeo ya mlinganisho huo kwa tetemeko la Sumatra. Hesabu na vipimo vilikubaliana kwa sehemu kubwa. Aidha, ilidhihirika kwamba kuinuka na kushuka kwa sakafu ya bahari peke yake hakukutosha kueleza ramani iliyoonekana. Kutanuka kwa miamba chini ya ardhi kulikuwa na sehemu kubwa katika badiliko hilo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wanadamu kuona kutoka angani jinsi tetemeko linavyoibana na kuitanua miamba iliyo ndani kabisa, mahali ambapo hakuna chombo kiwezacho kufika.

Baada ya hapo ushahidi uliongezeka. Tetemeko la Chile la tarehe 27 Februari 2010, lenye ukubwa wa 8.8, lilionekana katika ramani za uvutano, na lile la Japani la tarehe 11 Machi 2011 pia. Tarehe 11 Aprili 2012 Bahari ya Hindi ilitikiswa tena magharibi ya Sumatra, kwa ukubwa wa 8.6. Tahadhari ya tsunami ilitolewa kwa nchi za bahari hiyo, kisha ikaondolewa, kwa kuwa safari hii miamba iliteleza ubavu kwa ubavu badala ya kupanda na kushuka. Sakafu ya bahari haikuinuka kiasi cha kuleta mawimbi makubwa, na hata hivyo badiliko la uvutano lilionekana, kwa sababu miamba ilibanwa na kutanuliwa. Matetemeko mawili yaliyotokea karibu karibu yaliacha alama mbili zisizofanana, na kila alama ilieleza namna miamba ilivyokwenda.

Inafaa pia ieleweke kwamba badiliko halikomi siku ya tetemeko. Katika miezi na miaka iliyofuata msiba wa 2004, upungufu wa uvutano katika Bahari ya Andaman ulianza kupungua, kama kidonda kinachojaza nyama. Tabaka lililo chini ya gamba la Dunia, ingawa ni la mwamba, hutiririka polepole mno likisukumwa na mkazo mpya. Kwa kufuatilia mtiririko huo wataalamu hupata kujua ugumu wa tabaka hilo, na jinsi mkazo unavyohamia sehemu nyingine za ufa.

Kwa upande mwingine, njia hii ina mipaka yake, na mipaka hiyo inazihusu moja kwa moja nchi za Maziwa Makuu. Kitu kinachobadili uvutano mara nyingi zaidi kuliko matetemeko ni maji. Mvua za bonde la Kongo, mafuriko, ukame, na kupanda na kushuka kwa maziwa, yote huonekana katika ramani. Ziwa Victoria lilipopungua maji katika miaka ya 2004 hadi 2006, vyombo vya angani vililiona jambo hilo. Kwa mtaalamu wa maji hiyo ni neema, lakini kwa mtaalamu wa matetemeko ni kelele, naye hana budi kwanza kuondoa athari ya maji ndipo asikie sauti ya miamba.

Na sauti ya miamba ya Bonde la Ufa ni ndogo mno kwa mizani hiyo. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005 lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Lile lililotikisa Bukavu na magharibi ya Rwanda mwezi Februari 2008, na lile la Kagera la mwezi Septemba 2016, yalikuwa na ukubwa wa 5.9. Matetemeko hayo yaliua watu na kubomoa nyumba, lakini hata lile la Tanganyika lilitoa nishati ambayo ile ya Sumatra iliizidi kwa zaidi ya mara 2,000. Vyombo vya angani vilivyopo haviwezi kuyaona. Basi asije mtu akadhani kwamba mizani ya angani inaweza kushika mahali pa vituo vya kupimia mitetemeko ardhini, au mahali pa nyumba zilizojengwa imara.

Faida kubwa inayotazamiwa iko kwingine, nayo ni katika kutoa onyo. Hapa mfano wa Japani unafundisha. Japani ni miongoni mwa nchi zilizojiandaa vizuri kuliko zote duniani. Tarehe 11 Machi 2011, dakika 3 tu baada ya tetemeko, onyo la tsunami lilitolewa. Lakini onyo hilo lilitegemea makadirio kwamba tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 7.9, ilhali ukubwa wake ulikuwa 9.0 au zaidi kidogo. Tofauti hiyo huonekana ndogo katika tarakimu, lakini kwa nishati ni zaidi ya mara 40. Watu wa Mkoa wa Iwate na Mkoa wa Fukushima waliambiwa wangojee mawimbi ya mita 3. Onyo lilipandishwa baada ya nusu saa hivi, na yaliyokuja yalikuwa makubwa kupita kiasi hicho. Watu zaidi ya 18,000 walikufa au hawakuonekana tena. Hata mwaka 2004 makadirio ya kwanza ya tetemeko la Sumatra yalikuwa karibu 8.0, badala ya 9.1.

Sababu ya makosa hayo ni kwamba mitetemeko ya ardhi huchukua muda kusafiri. Ile iendayo kasi kuliko yote hupita ndani ya miamba kwa kilomita 6 hadi 8 kwa sekunde au zaidi kidogo, na tetemeko kubwa huchukua dakika kadhaa kumalizika. Aidha, vipimo vinavyotumiwa upesi huweza kushindwa kutofautisha tetemeko kubwa na lile lililo kubwa kabisa. Badiliko la uvutano, kinyume chake, huenea kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. Mara miamba inapoanza kuhama, mvuto wake hubadilika hata mahali palipo mbali, kabla mtetemeko wenyewe haujafika.

Kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa hesabu tu. Mwaka 2016 kundi la Jean-Paul Montagner wa Ufaransa lilionyesha dalili zake katika vipimo vya tetemeko la 2011, na mwaka 2017 Martin Vallée na wenzake walilithibitisha kwa vyombo vya kupimia mitetemeko vilivyo mbali na Japani, hata kilomita elfu moja na zaidi. Ishara waliyoiona ilikuwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mikrogali. Kuipata kulihitaji kielelezo cha hesabu cha makini, kwa sababu ardhi iliyobeba chombo nayo huvutwa na badiliko lile lile, na mwendo wake karibu huifuta ishara yote. Mtaalamu asiyeliweka jambo hilo katika hesabu yake angetafuta kitu kisichopo. Wataalamu hao walieleza kwamba ishara hiyo ingaliweza kuonyesha, katika muda wa dakika 3 hivi, kwamba tetemeko lilikuwa limevuka ukubwa wa 9.

Mwaka 2022 hatua nyingine ilipigwa. Andrea Licciardi na wenzake waliifundisha kompyuta kuitambua ishara hiyo na kukadiria ukubwa wa tetemeko lingali likiendelea. Kwa kuwa matetemeko makubwa namna hiyo ni machache, hakukuwa na mifano halisi ya kutosha kuifundishia. Mifano ilitolewa na vielelezo vya hesabu, maelfu ya matetemeko ambayo hayakupata kutokea. Kompyuta hiyo ilipopewa vipimo halisi vya Japani vya mwaka 2011, ilifuatia vizuri jinsi tetemeko lilivyokua.

Pamoja na hayo, ni lazima kusema wazi kile ambacho ujuzi huu hauwezi. Hautabiri tetemeko kabla halijaanza. Unafaa kwa matetemeko makubwa sana tu, yale yaliyozidi ukubwa wa 8. Nao unadai vyombo vingi, vya hali ya juu, vilivyowekwa mahali pasipo na kelele. Kwa mtu aliye ufukoni karibu kabisa na ufa, onyo bora bado ni ardhi yenyewe: ikitetemeka kwa nguvu na kwa muda mrefu, akimbilie mahali pa juu bila kungoja tangazo.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki hali ni tofauti, na hapo ndipo penye funzo. Mawimbi ya mwaka 2004 yalichukua saa 7 na zaidi kufika. Muda ulikuwapo. Kilichokosekana ni ujuzi wa haraka kwamba tetemeko lile halikuwa la kawaida, na njia ya kuufikisha ujuzi huo kwa mvuvi aliyekuwa akitandaza nyavu zake na kwa watoto waliokuwa wakiogelea. Tangu wakati huo nchi za Bahari ya Hindi, chini ya uongozi wa shirika la UNESCO, zimeunda mfumo wa pamoja wa tahadhari, na Australia, India na Indonesia ndizo zinazotoa taarifa kwa nchi nyingine.

Hivyo basi, kazi ina pande mbili. Upande mmoja ni wa wataalamu, ambao kwa kuhesabu miligramu moja katika kilo 70 wamefikia karibu na uwezo wa kulitambua tetemeko kubwa kabla bahari haijapata muda wa kusafiri. Upande wa pili ni wa nchi za pwani zenyewe: redio inayosikika hadi kisiwa cha mwisho, ofisi isiyolala ya kupokea taarifa, na wananchi waliokwisha kufundishwa wakimbilie wapi. Dakika zinazookolewa na hesabu huko mbali zitakuwa na maana iwapo tu zitafika zikiwa bado dakika, kwa yule aliye ukingoni mwa maji.